Kulala lojingi si kukana ndugu

Hapa Katilu, kandokando ya mto Turkwel, mtu akitaka kwenda Nairobi hupitia kwanza dukani kwangu. Sababu yake ni moja tu: mimi ni mtu wa pwani, na huku bara watu wameshakata shauri kwamba mtu wa pwani ameijua miji tangu tumboni mwa mamake. Nami siwavunji moyo. Juma lililopita alikuja mwalimu mmoja kijana, Mturkana, ana mama yake wa kumpeleka Hospitali ya Kenyatta. Akanitolea simu yake akanionyesha picha za vyumba, kila kimoja na bei yake chini, shuka nyeupe pe, ua mezani. Akaniuliza, "Mzee, kipi hapa ni rahisi?"

Nikamwambia aketi nimtilie chai, kwani jawabu la swali hilo mimi nimelilipia.

Yale niliyomweleza naona afadhali niyaseme pia kwenu, jamaa zangu wa Mombasa, Lamu, Malindi na Tanga, maana wenye makosa katika kadhia hii ni sisi zaidi kuliko yeye. Kijana yule hana ndugu Nairobi, kwa hivyo anauliza bei bila ya haya. Sisi hatuulizi bei ya kitanda. Sisi huuliza, "Nairobi tuna nani?" Akishapatikana mtu, hata akiwa ni mtoto wa mke wa ami, basi kikapu hufungwa, na yule maskini hupigiwa simu tukiwa tumeshafika Voi.

Mwaka 2009 mke wangu alitokwa na uvimbe shingoni, tukaandikiwa barua Lodwar twende Kenyatta. Binti wa shangazi yangu amekaa miaka mingi Majengo, kule Pumwani, katika zile nyumba za kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kila chumba na watu wake. Yeye na mumewe na watoto watatu walikuwa na chumba kimoja na kijistoo. Alitupokea kwa furaha isiyo kifani. Tukapewa chumba. Watoto, tukaambiwa, wanapenda kulala kwa jirani kwa ajili ya televisheni. Shemeji naye, tukaambiwa, anafanya kazi ya usiku wakati huu. Na kweli kila baada ya Isha tulikuwa tukimwona akivaa koti lake na kutuaga.

Siku ya kumi na mbili niliamka kabla ya adhana nikatoka kwenda kutia udhu. Ukumbini palikuwa na giza, nikajikwaa kwa mtu. Alikuwa ni shemeji. Amelala juu ya mkeka, kajifunika lile koti, viatu vyake kaviweka chini ya kichwa visiibiwe. Hakuwa na kazi yoyote ya usiku. Siku kumi na mbili mtu mzima yule alikuwa akizunguka barabarani mpaka taa yetu izimwe, kisha arudi alale mlangoni mwa chumba chake mwenyewe, na asubuhi aende kazini kwake.

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani. Sikumwambia mke wangu mpaka kulipopambazuka.

Naomba nieleweke. Sitoi ila katika ukarimu wa watu wale. Wao walitimiza wajibu wao na kupita kiasi. Ila ni yangu mimi niliyekula na kushiba na nisiulize. Dini yetu haikutuacha gizani katika jambo hili. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba haki ya mgeni ni mchana na usiku wake, ugeni ni siku tatu, na yanayozidi hapo ni sadaka. Na tena si halali kwa mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Sehemu ile ya kwanza sote tunaijua, maana ina faida kwetu. Ile ya mwisho hatuisomi kwa sauti. Wahenga nao walimpa mgeni jembe siku ya tatu, lakini mwalike mtu alime Majengo, atalima wapi?

Tena si kweli kwamba wazee wetu wa pwani walikuwa wakilaza watu bure siku zote. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta vijana wa mji wakiijia kila jahazi kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu. Mfanyabiashara yule hakushukia kwingine ila kwa mwenyeji wake. Na mwenyeji ndiye aliyemuuzia mali yake na kumnunulia, wala biashara iliyofanywa bila ya yeye kuwapo haikukubaliwa. Hiyo, jamaa zangu, ilikuwa ni bei ya kitanda. Mgeni alilala, akala, na mwenyeji akapata chake, na hakuna aliyeona haya. Sisi tumekihifadhi kitanda na sahani, ile sehemu ya mwenyeji tumeisahau.

Basi asubuhi ile nilimwambia dadangu kuwa tunahama. Alilia. Alidhani kuna neno ametukosea. Sikuweza kumwambia nimeona nini, kwani ningemvua nguo mumewe. Habari zikafika Mombasa kabla yetu: ati fulani kapata duka huko Turkana, sasa anajidai, kamkimbia ndugu yake kenda kulala magesti. Shangazi yangu hakunisemesha karibu mwaka mzima.

Kwa ile fedheha nikaenda mbio kutafuta kitanda cha rahisi, nikakipata karibu na vituo vya mabasi, shilingi 400. Niliona nimeokota. Nikalipa siku tatu papo hapo, nikapewa kufuli. Kumbe chini yetu palikuwa na baa. Muziki ulipigwa mpaka saa tisa za usiku, harufu ya pombe ikapanda hadi kwenye shuka, na kila mlevi aliyepotea njia aliusukuma mlango wetu. Mgonjwa wangu alilala na buibui lake. Maji hayakuwapo mpaka mchana, sisi tukatafuta pa kutawadha. Tulitoka siku ya pili, zile pesa za siku mbili hazikurudi. Kwa hivyo kile chumba cha 400 kilinigharimu 1,200 kwa usiku mmoja, na hapo sijautia katika hesabu usingizi wa mgonjwa.

Tangu siku hiyo nimejiwekea kanuni ambayo siivunji: nalipa usiku mmoja, nalala, kisha asubuhi ndipo nakwenda kuzungumza na meneja habari ya siku zilizobaki. Hapo mgeni ndiye mwenye nguvu. Chumba kitupu hakimlipi mwenyewe chochote, naye anajua. Mwambie, "Nina siku saba, nifanyie bei ya juma," aghalabu atateremsha; na akikataa kuteremsha, muombe chai ya asubuhi iwe ndani yake. Sisi tunaopatana bei ya samaki kwa nusu saa pale Marikiti, kwa nini tukifika kwenye meza ya lojingi tunakuwa mabubu?

Tulikwenda Eastleigh. Msomaji wa pwani asiyeujua mtaa huo na aujue, kwani huko atasikia adhana kutoka kila upande, atakula nyama bila ya kuuliza maswali, na nyumba nyingi za kulala hazina pombe ndani yake. Tena mtaa wenyewe umetajirika kwa sababu ya lojingi. Palikuwa na nyumba ya wageni ikiitwa Garissa Lodge. Wasomali waliokimbia vita mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakapanga vyumba vyake, usiku wakilala, mchana wakiuza nguo na bidhaa hapo hapo chumbani. Vitanda vikatolewa, maduka yakabaki, na nyumba nyingine zikafuata nyayo zake mpaka Eastleigh ikawa soko linalojulikana Afrika Mashariki nzima. Chumba tulichopata huko bei yake ilikuwa 900. Baada ya usiku wa kwanza nikapatana kwa juma zima, kila siku 700, pamoja na chai na anjera asubuhi. Choo na bafu ndani, maji ya moto, kibla kimechorwa mshale ukutani. Mke wangu alilala saa kumi bila ya kugeuka.

Kosa langu la pili, ambalo mwalimu yule nimemwonya asilirudie, ni kwamba Eastleigh iko mbali na Kenyatta. Kila siku ya kliniki tulikuwa tukipanda matatu mpaka mjini, tushuke, tuvuke mji kwa miguu na mgonjwa, tupande nyingine. Jioni vivyo hivyo, watu wawili. Anayekwenda kununua mali akae Eastleigh. Anayempeleka mgonjwa Kenyatta na atafute upande wa Ngumo, hata kitanda kikizidi kwa shilingi mia tatu, nauli itazirudisha. Na wewe unayetoka Mombasa kwa treni ya SGR usisahau kwamba inakushusha Syokimau, si mjini, na ukifika usiku safari ile ya mwisho ina bei yake.

Kuna na hila ya saa. Sisi tunaotoka Turkana, kupita Kainuk, Kapenguria na Kitale, mara nyingi basi hutufikisha Nairobi kabla ya alfajiri, na mabasi ya Mombasa nayo ni hivyo hivyo. Mtu amechoka, anakimbilia kitanda. Lojingi nyingi huhesabu siku mpaka saa nne za asubuhi. Ukiingia saa kumi na moja alfajiri, saa nne unaambiwa usiku wako umekwisha, lipa mwingine. Mimi huenda msikitini nikasali, nikakaa mpaka jua litoke, nikanywa chai, ndipo nikaenda kukitazama chumba mchana kweupe. Mchana ndio unaoonyesha kunguni, na ndio unaoonyesha mlango wa baa.

Bei nayo haikai mahali pamoja. Haya nimeyaona hapa hapa kwetu. Mwaka 2012 ilipotangazwa kuwa mafuta yamepatikana Lokichar, kitanda kile kile cha Lodwar nilichokuwa nikikilalia miaka yote kilipanda bei mwezi kwa mwezi, na godoro halikubadilishwa. Bei ya kitanda hufuata mfuko wa wageni waliomo mjini. Kwa hivyo Eastleigh usiende kumi la mwisho la Ramadhani ukataraji rahisi, maana nchi nzima iko pale inanunua nguo za Idi. Yale mahoteli makubwa ya Nairobi, ya watu wa mikutano, mara nyingi hushusha Ijumaa hadi Jumapili watu wa kazi wakienda makwao. Pwani kwetu ni kinyume, Disemba huwezi hata kuuliza.

Na zile picha za kwenye simu? Sizikatai. Zinamfaa mtu kujua bei kabla ya kutoka nyumbani. Lakini nilimwambia mwalimu apige simu kwa mdomo wake, amuulize mtu wa mezani mambo matatu: chini yenu pana nini, maji yanatoka saa ngapi, na bei hii ni ya mtu mmoja au ya chumba? Picha haina sauti wala harufu. Na asitume pesa kwa M-Pesa kabla ya kukiona chumba, awe ameahidiwa nini sijui.

Wako watakaosema ninawafundisha watu kukata udugu. Mimi naonelea ndivyo ninavyouponya. Hapa Katilu, mgeni wa Mturkana akifika bomani hulala, na hakuna anayemhesabia, kwa sababu bomani nafasi ipo na kibanda cha kulalia hujengwa kwa matawi. Nairobi nafasi hununuliwa kwa kodi ya mwezi, na anayelala ukumbini ameilipa.

Nikienda siku hizi nachukua gunia la mtama wa hapa na samaki wakavu wa ziwani, napeleka Majengo siku ya Ijumaa. Tunakula wali pamoja baada ya sala, tunacheka mpaka Magharibi, kisha nasimama. Dadangu hulalamika kidogo kwa ajili ya ada. Shemeji hunisindikiza mpaka kwenye matatu. Yale ya ukumbini hatujayazungumza hata siku moja, wala sijui kama alinitambua katika lile giza. Lakini mwezi uliopita alinipigia simu huku Katilu, sauti ameiteremsha, akaniomba nambari ya ile lojingi yangu ya Eastleigh. Anajiwa na wageni wanne kutoka Malindi, na alitaka kujua kama kwa jina langu watapewa bei ya juma.