Kosa Si Nguo Zako



Kijana akitoka kuandamana, swali la kwanza si "anadai nini?" Ni "hebu mwone alivyo!" Nywele hazijachanwa, jinzi imechanika, miguuni champali. Basi huyo ni teja, ni chokora, ni mhuni aliyelipwa. Wewe wa Miasenyi unashinda kwenye boda kando ya barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, vumbi la malori ni lako, udongo mwekundu wa Tsavo ni wako. Walitaka utoke na suti?

Lakini usidanganywe kwamba shida ni nguo. Kumbuka Juni 2024, Mswada wa Fedha. Wengi waliotoka Nairobi walikuwa wasafi, wamependeza, simu za bei mkononi. Je, waliheshimiwa? Mbunge wa Dagoretti Kusini, John Kiarie, alisimama bungeni akasema hao wanakuja na Uber, wakimaliza wanaenda KFC kula kuku. Sasa tuelezwe. Ukija na champali wewe ni mhuni. Ukija na Uber wewe ni mtoto wa starehe, shida huzijui. Ni nani basi amevaa sawasawa hadi aruhusiwe kulalamika? Hakuna! Wanataka watu waangalie nguo ili wasisikie dai.

Na neno "mhuni" si tusi tu. Linaua mara ya pili. Risasi ikimpata "mwanafunzi", nchi nzima inauliza ni nani aliyefyatua. Ikimpata "mhuni", watu wanauliza alikuwa anatafuta nini huko. Julai 1, 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitangaza kuwa watu 39 walikuwa wameuawa katika maandamano yale. Kila mmoja alikuwa na mama.

Sisi Waislamu tunaujua mchezo huu. Mwaka 2014, baada ya Masjid Musa kuvamiwa Mombasa na watu wa Eastleigh kujazwa uwanja wa Kasarani, kijana mwenye ndevu na suruali fupi alitazamwa kama gaidi. Alikuwa msafi, ametawadha, lakini haikumsaidia. Kwa hiyo ni aibu mmoja wetu kutoka msikitini na kanzu iliyopigwa pasi, halafu amkunjie uso mwenzake wa boda. Katika Sahih Muslim imo hadithi ya mtu mwenye nywele timtim, anayefukuzwa milangoni, ambaye Mwenyezi Mungu hukitimiza kiapo chake. Unayemdharau, unajua cheo chake kwa Mola?

Kuna atakayesema usafi ni katika imani. Kweli kabisa. Oga, piga mswaki, fua nguo. Lakini usafi si tikiti ya kusikizwa. Na anayevunja duka la mtu ashtakiwe kwa kuvunja duka, si kwa rasta zake. Tendo ni tendo, sura ni sura.

Sheria iko upande wako. Ibara ya 37 ya Katiba inakupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Haijasema lolote kuhusu viatu. Na Ibara ya 27 inakataza ubaguzi, ikitaja wazi dini, umri na MAVAZI. Soma mwenyewe, usingoje kusomewa.

Kwa hiyo tukitoka tena, iwe ni kwa ajili ya maji au fidia ya mazao yaliyoliwa na ndovu, tufanye hivi. Notisi ifike kwa mkuu wa kituo cha polisi angalau siku 3 kabla, lakini si zaidi ya siku 14, na nakala ibaki kwetu. Madai yaandikwe kwa lugha ambayo mama muuza mboga anaielewa. Msemaji awe anayelijua jambo, hata kama ndiye mwenye jinzi iliyochanika. Tusimfiche nyuma eti picha itaharibika. Mwenzako akiokota jiwe, mshike mkono. Akiitwa mhuni kwa sura yake, simama kando yake.

Na wakikuuliza mbona umevaa hivyo, usijitetee. Waulize: dai letu mmelisoma?