Damu ya Kizaramo? Hebu niacheni

Testi zilinibana, leo nimerudi na hasira kidogo.

Kuna maneno yamezagaa hapa chuo: mtu wa Pwani mvivu, mpole mno, haulizi swali darasani, eti "iko kwenye damu". Wanaosema ni wasomi wenzetu kabisa. Mimi wa Maili Moja, Mzaramo kwa baba na mama, nasema huo ndio uvivu wenyewe, wa kufikiri.

Tuanze na hiyo damu. Mwaka 2015 jarida la Nature Genetics lilijumlisha tafiti za mapacha za miaka 50, jozi zaidi ya milioni 14. Kwa sifa zote zilizopimwa, kuanzia urefu mpaka tabia, urithi ulieleza wastani wa asilimia 49 ya tofauti. Sawa, biolojia ipo, sibishi. Lakini ni tofauti kati ya mtu na mtu, siyo kabila na kabila! Ndiyo maana mimi nabwabwaja hivi, na dada yangu, tumbo moja, chumba kimoja, kumtoa neno ni kazi.

Sasa upole wa binti wa Kizaramo. Zamani mwali aliwekwa ndani miezi na miezi, na mwana hiti wake wa mbao, akifundwa kunyamaza na kuinamisha macho. Marja-Liisa Swantz wa Finland aliyaandika kwenye kitabu chake cha 1970. Kwetu muda umepunguzwa, likizo moja inatosha, ila somo la ulimi liko palepale. Mtoto kafundwa asijibu wakubwa, halafu mwalimu anaandika kwenye ripoti: mpole kwa asili. Asili gani?

Na mpeleke huyo "mpole" kwenye msiba wa Mnyamwezi, mtani wetu tangu enzi za misafara ya wapagazi. Atamuigiza marehemu, atadai hela, wafiwa watacheka. Damu imebadilishwa njiani?

Maneno ya kantini nayavumilia. Kinachoniuma ni binti mmoja mtaani kwetu, kafaulu kidato cha nne, baba yake kagoma kununua vifaa vya kidato cha tano. Eti wanawake wa ukoo ule ni wa ngoma tu, masomo hayamo. Na hapo Tumbi, lilipo Shirika la Elimu Kibaha, siyo mbali na kwao!

Kuripoti ni mwezi wa saba. Tranka tumepata, bado godoro na madaftari. Mwenye chochote anitafute hosteli, jioni nipo.