Ganda la risasi lina siri kuliko bunduki kuukuu

MJADALA kuhusu silaha mikononi mwa raia humu nchini huishia kwenye bastola. Ni nadra kusikia mtu akizungumzia risasi, na nadra zaidi risasi za zile bunduki kuukuu zilizosalia baada ya majeshi ya mkoloni. Hata hivyo, swali la iwapo mwenye leseni aruhusiwe kujaza upya maganda ya risasi nyumbani kwake si la kupuuzwa.

Parklands ni mahali pafaapo kuanzia. Mnamo Septemba 21, 2013, magaidi wa Al-Shabaab walivamia jumba la Westgate, lililo jirani na mtaa huo, na watu 67 wakauawa. Miongoni mwa waliotangulia kuingia kuwaokoa wanunuzi walikuwa raia wenye leseni, wakiwa na bastola dhidi ya bunduki za AK-47. Majeruhi walikimbizwa katika hospitali za Aga Khan na MP Shah, zote za Parklands. Tangu siku hiyo ni vigumu kumshawishi mkazi wa huko kwamba silaha ya raia ni balaa tupu.

Lakini bastola ya kisasa si sawa na Lee-Enfield ya .303. Bunduki hii ilianza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwaka 1895. Huku kwetu ilibebwa na askari wa King's African Rifles, polisi na walinzi wa vijiji zama za hali ya hatari. Nyingine ziliishia kwa walowezi na wawindaji. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, bunduki hizo zilipoteza kazi, na kilichobaki ni ulengaji shabaha na kumbukumbu ya babu. Kiwanda cha risasi cha Eldoret, kilichojengwa miaka ya 1990 kwa utaalamu wa Wabelgiji, kinajulikana kwa risasi za milimita 7.62, 5.56 na 9, yaani za silaha za kisasa.

Nchini Marekani na Uingereza, mwenye bunduki ya namna hiyo huokota maganda yake, akabadilisha kiwashio kilicho kitakoni, akapima baruti na kukaza kichwa kipya. Ni kazi ya subira, na hupunguza gharama. Pia ina hatari zake: baruti ikizidi au ikiwa si ya aina yake, chumba cha bunduki chaweza kupasuka usoni mwa mlengaji. Lee-Enfield yenyewe ina desturi ya kulivuta ganda inapofyatuliwa, hivyo shaba huchoka na kupasuka baada ya kutumiwa mara chache.

Kenya imechukua njia nyingine. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inadhibiti utengenezaji wa risasi sawa na uuzaji wake, na cheti cha mmiliki hutaja idadi ya risasi anazoruhusiwa kuwa nazo. Vilipuzi navyo vina sheria yao, Sura ya 115. Ukali huu una historia. Wapiganaji wa Mau Mau walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji na komeo za milango, wakitegemea risasi zilizoibwa. Kwa mkoloni, risasi ilitisha kama bunduki: Dedan Kimathi, aliyenyongwa Februari 18, 1957, alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi sita.

Ipo hoja nyingine ambayo mwandishi huyu anaona ina uzito kuliko hofu ya mkoloni. Kitako cha kila ganda huwa na chapa ya kiwanda na mara nyingi mwaka. Ni kwa chapa hizo watafiti wa Small Arms Survey walieleza mwaka 2008 kwamba karibu nusu ya risasi haramu zilizozagaa Turkana Kaskazini zilitoka kwa polisi wa Kenya. Polisi walikanusha. Bila chapa, hata mabishano hayo yasingekuwapo. Ganda likijazwa upya, chapa hubaki ile ile ilhali kilichomo kimetoka kwingine, na mpelelezi aliyeliokota penye maiti anadanganywa na shaba.

Hivyo zuio ni la haki. Lisilo la haki ni kumwacha mmiliki halali hewani. Aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliamuru mwishoni mwa 2018 wamiliki wote wahakikiwe upya na Bodi ya Leseni za Silaha. Zoezi lilimhoji mtu na bastola yake. Mwenye .303 ya urithi anahitaji jibu moja kati ya mawili: ama mfanyabiashara aliyesajiliwa aruhusiwe kumwagizia kiasi kidogo kinachoandikwa daftarini, ama serikali iinunue bunduki kwa bei ya kueleweka na kuizima. Akikosa yote mawili, atatafuta njia ya panya, na njia hiyo haina daftari.

Na daftari lisiwe la raia pekee. Polisi walioambiwa mwaka 2008 kwamba risasi zao ziko mikononi mwa wafugaji wanapaswa kuhesabu maganda yao kwa ukali ule ule wanaomhesabia mlengaji shabaha.