Ufuo wa Usenge Nao ni Darasa

Wanafunzi wa shahada ya biashara katika vyuo vikuu vyetu husoma usimamizi wa uzalishaji: namna ya kupanga kazi, kupima ubora, kutunza akiba na kupunguza hasara. Aghalabu mifano hutolewa katika viwanda vya magari vya Toyota, huko Japani. Sina ugomvi na Toyota. Linalonisikitisha ni kwamba mwanafunzi aliyezaliwa kando ya Ziwa Victoria aweza kuhitimu bila kuulizwa swali hata moja kuhusu ufuo wa Usenge.

Hapo pana somo zima. Omena huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa asubuhi. Jua likikosekana, huharibika au huuzwa kwa bei ya chini wakawa chakula cha kuku. Mbuta huhitaji barafu tangu mashuani hadi kiwandani, na kila saa inayopotea humpunguzia mvuvi bei. Je, barafu iletwe kiasi gani, na lini? Foleni ya mizani ifupishwe vipi? Hayo ndiyo maswali ya mtihani.

Nikiwa mwanaisimu, naongeza la lugha. Mhitimu asiyeweza kumweleza mama aanikaye omena mambo haya kwa Kiswahili au Kijaluo hajaielewa elimu yake, ameikariri tu. Walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi ufuoni na saa na daftari. Kisha waandike ripoti mbili: moja ya mtahini, nyingine ya kusomewa wavuvi na wachuuzi. Hiyo ya pili ndiyo ipewe alama nyingi zaidi.