Gari la laki moja: India bei ya chini haikutosha, je Afrika Mashariki?

Mfanyabiashara anayesikia habari za gari jipya la bei ya kutupa kutoka Asia hana budi kuipitia kwanza hesabu ya Tata Nano kabla ya kufungua mfuko wake.

Gari hilo lilizinduliwa New Delhi Januari 10, 2008, kwa ahadi ya rupia laki moja bei ya kiwandani, wakati ule takriban dola 2,500 za Marekani. Mwenyekiti wa Tata, Ratan Tata, alieleza kuwa wazo lilitokana na kuona familia nzima imepakiana kwenye skuta moja. Aliyelengwa, kwa hiyo, ni mwenye pikipiki.

Mambo yalianza kuharibika kiwandani. Mgogoro wa ardhi ya wakulima huko Singur, West Bengal, uliilazimisha kampuni kuhamia Sanand, Gujarat, Oktoba 2008. Zaidi ya wateja 200,000 walijiandikisha mwaka 2009, hata ikabidi waliotangulia kupata magari wachaguliwe kwa bahati nasibu, lakini kiwanda kipya kilifunguliwa Juni 2010. Wakati huohuo habari za magari kadhaa kushika moto zilikuwa zimeshaenea.

Sanand kilijengwa kutoa magari 250,000 kwa mwaka. Mwaka ulioongoza kwa mauzo haukufikisha 80,000. Juni 2018 lilitengenezwa gari moja tu, na mwaka huo ndio uliokuwa mwisho wa uzalishaji.

Vitabu vya uchumi hufundisha kuwa bei ikishuka wanunuzi huongezeka. Sawa kwa sukari na saruji. Gari, hata hivyo, huegeshwa mbele ya nyumba majirani wakitazama, na hakuna aliyetaka ijulikane kuwa amenunua la bei ya chini kuliko yote. Ratan Tata mwenyewe alikiri baadaye kwamba kulitangaza kwa sifa ya urahisi wa bei lilikuwa kosa. Mwenye pikipiki naye hakusumbuliwa na bei ya kununua peke yake. Palikuwa na mafuta, bima, maegesho na benki isiyomkopesha. Aliyeweza kuongeza fedha kidogo alichukua Maruti Alto au gari lililotumika.

Gari lililotumika ndilo mpinzani mkubwa upande huu wa bahari. Kenya hairuhusu gari lenye umri unaozidi miaka 8. Tanzania hupokea makuukuu zaidi na kuyatoza kodi ya uchakavu. Pamoja na hayo, Vitz ya Japani ina fundi kila mji, vipuri vyake vimejaa Kirinyaga Road, Kariakoo na Kisekka, na ukikwama kifedha unaiuza wiki hiyohiyo. Gari geni halina hata kimoja kati ya hivyo. Tena nauli ya meli haipungui kwa kadiri bei ya gari inavyopungua, na ushuru hukokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kujumlisha nauli na bima. Laki moja ya Gujarat haifiki Mombasa ikiwa laki moja.

Bidhaa za India zilizoshika soko hili ni Boxer na bajaji, kwa sababu zinaingiza hela kila jioni na kulipa deni lake zenyewe. Mwaka 2018 Uber ilianzisha Nairobi huduma ya nauli nafuu, Chap Chap, kwa kutumia Suzuki Alto, na mnunuzi pale alikuwa dereva mwenye abiria. Nafasi ya gari rahisi jipya iko hapo, kwenye teksi na usambazaji wa mizigo midogo mjini, wala si kwa baba wa familia.

Kwa wakala anayefikiria kuagiza, swali la kumuuliza mtengenezaji kabla ya bei ni nani atakayeweka akiba ya klachi, breki na vioo Dar es Salaam au Mombasa, na kwa fedha za nani.