Wimbo mmoja, masikio tofauti: kwa nini wengine hawawezi kumsikiliza Koffi Olomidé?



Jumamosi moja hapa Kisangani tulikuwa kwenye karamu ya ndoa katika komini ya Mangobo. Ibada ilikuwa imekwisha, wali na sombe vilikuwa mezani, watu wakingoja bibi-arusi aingie. Kijana wa muziki akaweka wimbo wa zamani wa Koffi Olomidé. Vijana wakashangilia, hata mashemasi wawili nikawaona wakitikisa mabega. Lakini mama mmoja wa parokia yetu, aliyeketi meza ya mbele, akasimama, akachukua mkoba wake na kutoka nje.

Nilimfuata. Nilifikiri anakataa muziki wa dunia, nikawa tayari na maneno ya kumtuliza. Akanijibu: «Hapana, Pasta. Mimi mwenyewe napika huku nikiimba rumba. Ni yule mtu. Nikisikia sauti yake, nasikia mlango unafungwa kwa nje.» Kisha akanieleza kwamba alipokuwa msichana alitumwa kufanya kazi kwa jamaa katika mji mwingine, na kila bwana wa nyumba alipotoka, alimfungia ndani kwa ufunguo. Ameniruhusu kuandika neno hili bila jina lake.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: mtu anapoziba masikio yake mbele ya mwimbaji ambaye wengine wote wanampenda, anakataa nini hasa? Naona jambo hili linaligusa kanisa kuliko tunavyodhani.

Mtoto wa mji wetu

Wengi wa wasomaji wetu wanajua kwamba Koffi Olomidé, jina lake Antoine Christophe Agbepa Mumba, alizaliwa hapa Kisangani mwaka 1956, wakati mji ulikuwa bado Stanleyville. Alikulia Kinshasa, akasoma Ufaransa, akapita kwa Papa Wemba katika Viva la Musica, na mwaka 1986 akaanzisha orkestra yake, Quartier Latin. Tarehe 19 Februari 2000 alijaza ukumbi wa Bercy mjini Paris. Miezi minne baadaye, Juni 2000, mji wake wa kuzaliwa ulikuwa chini ya mabomu ya majeshi ya Rwanda na Uganda katika Vita vya Siku Sita, na mamia ya raia wakafa. Silaumu mtu kwa kuimba Paris mwaka ule. Nakumbusha tu kwamba kwetu sisi wa mashariki muziki wa Kongo umekuwa hivyo siku zote: fahari yetu inapita upande mmoja, machozi yetu upande mwingine.

Hakuna anayebisha kwamba ni mtunzi mkubwa. Mwaka 2020 alipoimba na Diamond Platnumz wa Tanzania wimbo «Waah!», hata watoto wasiojua Lingala walicheza. Na bado kuna nyumba ambazo redio inazimwa mara jina lake linapotajwa. Kwa nini?

Sababu si moja

Kwanza kuna kupenda na kutopenda tu. Mzee aliyelelewa na Tabu Ley na Franco anasikia kelele za atalaku wa leo kama masufuria yanayoanguka. Hilo si dhambi wala si haki. Ni masikio na umri. Pia kuna mambo ya kambi. Wenge Musica BCBG ilipogawanyika mwaka 1997, wa JB Mpiana hawakuweza kusikia sauti ya Werrason, na wa Werrason vilevile, ingawa jana tu walikuwa wanacheza pamoja. Hilo linafanana na ugomvi wa timu za mpira. Tusipoteze muda hapo.

Pili kuna sababu ya siasa. Ninyi mnajua mabanga: mwimbaji analipwa ili ataje jina la tajiri, la mkubwa wa jeshi au la mwanasiasa katikati ya wimbo. Wakongo wengi walioko Ulaya, wanaojiita «Combattants», walisema basi: mtu aliyewaimbia wenye mamlaka huku watu wetu wa mashariki wanauawa hataimba tena mbele yetu. Kwa miaka mingi walizuia tamasha za wanamuziki wetu huko. Tarehe 28 Februari 2020, Fally Ipupa alipopiga Bercy, magari na pikipiki vilichomwa moto karibu na stesheni ya Gare de Lyon. Uchungu wao naufahamu. Sisi ndio tunaozika. Lakini pikipiki ya mtu maskini wa Paris iliyoungua haikumfufua hata mtoto mmoja wa Beni. Hasira inayotetea wafu wetu kwa kuumiza wasio na kosa imepotea njia.

Tatu kuna jeraha. Hapa ndipo yule mama aliposimama, na hapa ndipo nataka tukae.

Yaliyotokea kweli

Tuseme yale yanayojulikana, bila kuongeza chumvi. Julai 2016, katika uwanja wa ndege wa Nairobi, kamera zilimwonyesha Koffi akimpiga mchezaji wake mmoja wa kike kwa mguu. Alitoa maelezo yake, baadaye akaomba radhi hadharani. Kenya ilimrudisha nyumbani kesho yake, tamasha likafutwa, na Kinshasa akakamatwa na kushikwa siku chache. Miaka minne kabla yake, mwaka 2012, mahakama ya Kinshasa ilikuwa imempa kifungo cha miezi mitatu kilichosimamishwa kwa kumpiga mtayarishaji wake wa muziki.

Halafu Ufaransa. Wasichana waliokuwa wachezaji wake walimshitaki kwa mambo ya miaka ya 2002 hadi 2006. Yeye alikana. Mwaka 2019 mahakama ya Nanterre ilimhukumu miaka miwili ya kifungo kilichosimamishwa kuhusu mmoja wao, aliyekuwa mtoto wakati ule. Tarehe 13 Desemba 2021 mahakama ya rufani ya Versailles ilimwondolea mashitaka ya kuwadhulumu kimwili, lakini ikamhukumu kifungo cha miezi 18, nacho kimesimamishwa, kwa kuwafungia wanne kati yao ndani ya nyumba. Haki inataka tuseme sehemu zote mbili: aliyoondolewa na aliyohukumiwa.

Sasa angalieni kalenda. Kesho yake, tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Nchi nzima ilishangilia, na mimi nilishangilia. Wangapi kati yetu walikumbuka hukumu ya jana yake? Fahari ilipiga ngoma kubwa, ikafunika sauti ya wasichana wanne. Desemba 2023 alirudi Nairobi kuimba, na watu wakajaa.

Yule mama hakuwa amesoma hukumu ya Versailles. Alisikia habari yake tu: wasichana, nyumba, mlango uliofungwa. Ilitosha. Kwa jirani yake wimbo ule ulikuwa ukumbusho wa siku za uchumba; kwake yeye ulikuwa ufunguo unaozunguka mlangoni. Mwenye jeraha hachagui anachokumbuka. Tukimwambia «ni muziki tu, mama, kaa ule», tunamwambia kwamba starehe yetu ni nzito kuliko yale aliyopitia.

Mungu naye aliziba masikio

Katika Biblia yuko mmoja asiyeweza kusikia nyimbo fulani, na si mtu mdogo. Someni Amosi 5:21-24. Israeli walikuwa na waimbaji wazuri na vinanda vyema, lakini Bwana anawaambia wamwondolee kelele hizo, kwa maana hatazisikiliza; anachotaka ni hukumu ya haki itiririke kama mto usiokauka. Sisi tunaokaa kando ya mto Kongo, karibu na maporomoko ya Wagenia, tunajua mto usiokauka ni nini: hakuna anayeweza kuuambia unyamaze.

Ona kwamba Mungu hakuwaambia kwamba wanaimba vibaya. Zilikuwa nyimbo zake mwenyewe, zilizoimbwa hekaluni. Kilichoziharibu ni maskini aliyekanyagwa nje ya mlango wa hekalu. Kwa hiyo anayesema «tutenganishe wimbo na mwimbaji, kazi ni kazi» aongee kwanza na Amosi. Sisemi kila wimbo wa mwenye dhambi utupwe. Zaburi ngapi zingebaki, ikiwa Daudi ndiye aliyezitunga na Uria amelala kaburini? Lakini Daudi alipoonyeshwa kosa lake na Nathani hakuuliza albamu ngapi ameuza. Alilia.

Hata hivyo, si kila anayeziba masikio yuko upande wa haki. Katika Matendo 7:57 wale waliompiga Stefano kwa mawe waliziba masikio kwanza. Sauli alichukizwa na wimbo wa wanawake kwa sababu ya wivu, kisha akamrushia mkuki kijana aliyempigia kinubi. Na huku kwetu wenye mamlaka wameziba masikio mara nyingi. Mwaka 1978 Franco na wenzake walitiwa gerezani kwa nyimbo zilizohesabiwa chafu. Novemba 2021 tume ya taifa ya kuchunguza nyimbo ilizuia wimbo «Nini Tosali Te» wa vijana wa kundi la MPR, waliokuwa wanauliza mambo ambayo kila familia ya Kongo inayauliza. Kelele za watu zikawa nyingi, zuio likaondolewa haraka. Koffi mwenyewe, Julai 2024, alisema kwenye televisheni ya taifa maneno kuhusu vita vya M23, kwamba anaona kama upande mmoja tu ndio unaopiga. Baraza la CSAC likamwita ajieleze. Siku ile wapo waliokasirika si kwa sababu alisema uongo, bali kwa sababu alisema kwa sauti kile kilichonong'onwa sokoni.

Basi mtu yule yule, tunaweza kukataa kumsikia kwa sababu njema na kwa sababu mbaya. Swali la kujipima ni hili: ninapoziba masikio, namlinda nani? Kama ninamlinda aliyeumizwa, niko karibu na Amosi. Kama ninajilinda mimi nisiguswe na ukweli, niko pamoja na wale waliookota mawe.

Sasa tuingie nyumbani mwetu

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa, tukimnyoshea kidole mtu wa muziki wa dunia. Lakini naandika kama mchungaji, na ninalo deni.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyotumika, wasichana watatu wa kwaya walikuja kwangu baada ya mazoezi. Walisema kiongozi wao anawatukana, anawapiga kwa fimbo ya kuongozea wanapokosea sauti, na anawaweka hadi usiku na mlango umefungwa ili wasikimbie. Sikukuu ya kwaya ilikuwa imebaki majuma mawili. Kwaya yetu ilikuwa bora kuliko zote za mtaa, na yule ndugu alikuwa na kipawa. Nikawaambia: «Vumilieni, watoto wangu, tutaongea baada ya sikukuu.» Sikukuu ilipita, tukapigiwa makofi. Wawili kati ya wasichana wale hawakurudi kanisani. Nilipochukua hatua ilikuwa imechelewa kwao.

Mimi niliyesoma teolojia, niliyefundisha Amosi kwenye semina, nilifanya kile kile ambacho wapenzi wa Koffi wanafanya. Nilisema: lakini anaimba vizuri. Na ninaamini kuna mahali hapa mjini msichana mmoja, leo mama wa watoto, ambaye akisikia wimbo wetu wa sifa kupitia dirishani analifunga dirisha. Sisi ndio waimbaji ambao hawezi kuwasikia.

Wandugu, tunapiga vipaza sauti vyetu Makiso, Kabondo, Lubunga, usiku kucha kwenye mikesha, tukidhani anayelalamika ni adui wa Injili. Pengine mmoja wao amechoka tu, ana zamu ya asubuhi hospitalini. Pengine mwingine ametoka kwetu.

Tufanye nini?

Sipendekezi orodha ya waimbaji waliokatazwa. Tume za kukataza tumeziona. Napendekeza mambo matatu madogo.

Karamu za ndoa za wakristo wetu ziwe mahali ambapo mtu akiomba wimbo ubadilishwe, hubadilishwa bila kumdai maelezo. Nyimbo ni nyingi. Dada yetu ni mmoja.

Mazoezi ya kwaya na ya vikundi vya vijana yafanywe mlango ukiwa wazi, na saa ya kumaliza ijulikane na wazazi. Kila parokia ichague mama wawili wenye kuaminiwa ambao mtoto anaweza kuwaendea bila kupitia kwa kiongozi wake, wala kwa mchungaji.

Na sisi wachungaji tusingoje «baada ya sikukuu». Nchi yetu ina sheria dhidi ya jeuri ya kimapenzi tangu Julai 2006. Tuijue, na tusimsitiri mtu kwa sababu ana sauti nzuri au anatoa sadaka kubwa.

Siku ile Mangobo nilirudi ndani nikamnong'oneza kijana wa muziki. Hakuuliza kitu, akaweka wimbo mwingine. Karamu haikuharibika, bibi-arusi aliingia akicheza, na yule mama akarudi kwenye kiti chake. Sahani yake ilikuwa imepoa. Msichana mmoja wa kwaya aliichukua, akaenda kumletea chakula cha moto.

Bwana atupe masikio ya kuwasikia wale waliofungiwa ndani. Amina.