Minong'ono ya Mtu Aliyejisema Mwenyewe

Katika nyumba nyingi za mkoa wetu, baada ya swala ya Isha na chakula cha usiku, huja saa ya habari za mjini. Zamani habari hizo zilikuja kwa gazeti. Basi lililotoka Dar es Salaam lilisafiri karibu kilomita 1,000 hadi Shinyanga, na ndani yake mlikuwa na mafungu ya magazeti ya udaku yaliyochipuka katika miaka ya 1990: nani kaonekana na nani, mwanamuziki gani kagombana na mkewe, ukumbi upi umefurika. Gazeti moja lilipita nyumba tano, kisha likaishia dukani kufungia karanga. Siku hizi hakuna anayesubiri basi. Habari zile zile huingia katika simu ya kijana kabla mwimbaji hajashuka jukwaani.

Wazazi huuliza: je, kupenda habari za mji na burudani zake ni kosa kwa nafsi yake? Nasi twaona kuwa jibu halipatikani kwa kuitazama simu peke yake. Wapo waandishi waliojipatia umaarufu mkubwa kwa kazi hiyo hiyo ya kuwasimulia watu maisha ya jiji, na majina yao leo yamefifia. Tuwatazame wawili, mmoja wa mbali na mmoja wa jirani, kwani njia zao zilitofautiana.

Wa mbali ni Walter Winchell wa New York, aliyezaliwa mwaka 1897. Alianza akiwa mtoto mchezaji wa majukwaani, kisha akashika kalamu. Kuanzia mwaka 1929 safu yake ilitoka katika gazeti la Daily Mirror, ikasambazwa katika magazeti mengi ya Marekani, naye akawa na kipindi chake cha redio. Inakadiriwa kuwa katika kilele chake watu milioni 50 walimsoma au kumsikiliza. Mali yake ilikuwa siri za watu: ndoa inayoyumba, mimba isiyotangazwa, deni la tajiri. Wenye majina walimnyenyekea ili awaandike vizuri, na walimwogopa asije akawaandika vibaya.

Mwaka 1951 mwimbaji Josephine Baker, mwanamke mweusi, alilalamika kuwa amenyimwa huduma katika klabu maarufu ya New York kwa sababu ya rangi yake. Winchell alikuwa mteja mkubwa wa klabu hiyo, na usiku huo alikuwapo. Alipolaumiwa kwa kutomtetea, aliigeuza safu yake kuwa fimbo, akamshambulia mama yule juma kwa juma na kumhusisha na ukomunisti, tuhuma iliyoweza kummaliza mtu katika Marekani ya miaka ile. Kalamu iliyozoea kula heshima za watu haikushindwa kuila na ya aliyedhulumiwa. Mwaka 1963 gazeti lake lilifungwa. Alifariki mwaka 1972, na husimuliwa kuwa aliyesimama kaburini kwake ni binti yake pekee. Mamilioni waliokuwa wakimsoma hawakuwa wamempenda. Walipenda alichowaletea, na alipokosa cha kuleta walikwenda kwa mwingine.

Wa jirani ni Wahome Mutahi wa Kenya, mwenyeji wa Nyeri, aliyezaliwa mwaka 1954. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alianzisha safu aliyoiita Whispers, yaani Minong'ono, nayo ikapata jina kubwa katika gazeti la Sunday Nation. Kwa jina lile msomaji angetarajia umbea wa Nairobi. Alichokikuta ni mtu anayejinong'ona mwenyewe.

Mhusika mkuu wa safu aliitwa Whispers, mtu aliyetoka shamba akaja jijini, mwenye mfuko mwembamba na maneno makubwa. Hujiona bwana wa nyumba hadi anapofika mlangoni. Mkewe, mwenye msimamo usiotikisika, alipachikwa jina la Thatcher, kwa waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo. Binti yake aliitwa Pajero, kama lile gari la wenye nazo, na mwanawe alibeba jina la baba. Kijijini alikuwako mama yake, Appepklonia, aliyeyatazama ya Nairobi kwa macho ya mtu aliyeona mengi. Jiji zima limo humo: kodi ya nyumba, karo ya shule, muziki wa vijana usiomwingia baba akilini, binti anayejibu kwa lugha ambayo mzazi haielewi, mshahara unaokwisha kabla ya mwezi. Lakini kila kicheko kilimwangukia msimuliaji. Uongo wake ndio uliofichuka, na woga wake ndio ulioonekana.

Hatusemi kwamba safu ile yote yafaa kuletwa sebuleni kwetu. Vituko vyake vingi vilitokea kilabuni, palipo na pombe, na mwandishi mwenyewe baadaye alipeleka michezo yake ya kuigiza katika mabaa. Hilo tunaliacha lilipo. Tena mtu anayeisimulia nyumba yake hadharani hutembea ukingoni mwa shimo, kwa kuwa siri za mume na mke ni amana. Mutahi alijiepusha kwa kutunga: aliwapa wahusika majina ya utani, akatia chumvi hadi kila mtu akajua kuwa hiki ni kisa. Msomaji wa Nakuru au Mombasa hakumwona mke wa mtu fulani. Alijiona yeye, akacheka, na huenda jioni ile akawahi kurudi nyumbani.

Wala mtu anayejicheka asidhaniwe kuwa mwoga. Mwaka 1986 Mutahi alikamatwa katika msako dhidi ya kundi la siri la Mwakenya, akatiwa gerezani. Alipotoka aliandika riwaya juu ya mateso ya mahabusu, Three Days on the Cross, iliyochapishwa mwaka 1991 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Watawala wa siku zile hawakupenda kuchekwa, lakini ilikuwa vigumu kumnyamazisha mtu ambaye kila Jumapili alianza kwa kujisema yeye. Alifariki Julai 2003, baada ya kukaa miezi kadhaa bila fahamu kufuatia upasuaji. Tangu mwaka 2006 wachapishaji wa Kenya wamekuwa na tuzo ya fasihi yenye jina lake, wanayopewa pia waandishi wa Kiswahili. Vijana wengi wa leo hawakuisoma safu yake, ila waliowahi kuisoma humtaja kama anavyotajwa mjomba aliyekuwa akichekesha ukoo.

Tofauti ya watu hawa wawili yatuhusu sisi wa Shinyanga, Kahama na Geita kuliko tunavyofikiri, kwa kuwa sasa kila mwenye simu ana safu yake. Kundi la mtaa lenye watu mia mbili ni gazeti. Anayetuma picha humo ni mwandishi, na anayeisambaza ni mchapishaji.

Nyumba nyingi za kwetu hukaa bila baba kwa miezi. Yuko Nyarugusu, au Kakola, au kwenye machimbo mapya yaliyosikika juzi tu, akitafuta riziki ardhini. Sasa mtu mmoja anapiga picha ya baba huyo akiwa mgahawani na mwanamke, anaiweka kundini na neno moja la mzaha. Kabla ya Alasiri imemfikia mkewe, mama mkwe na watoto walioko shule. Huenda mwanamke yule ni dada yake, au mama lishe anayemdai. Huenda pia ni kweli kama ilivyodhaniwa. Kwa vyovyote, picha haikumrekebisha baba, haikumlinda mama, na mtoto atakayechekwa darasani kesho hakuhusika kwa lolote.

Hapo ndipo wengi hujitetea kwa kusema, "Mimi sikuzua, ni kweli." Dini yetu ililikataa tetesi hilo la nafsi mapema. Mtume wetu (s.a.w.) alifundisha kuwa kusengenya ni kumtaja ndugu yako kwa analolichukia hata kama analo, na kama hanalo, basi hilo ni kumzulia, nalo ni kubwa zaidi. Surat Al-Hujurat nayo imeifananisha ghiba na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Aliyekufa hawezi kujitetea, na aliyesemwa kwenye kundi asimokuwamo yu katika hali hiyo hiyo.

Basi tufanyeje? Kuwanyang'anya vijana simu hakutoshi, kwa sababu nyumba isiyo na hadithi zake itaazima za nje. Tunashauri mambo mawili mepesi.

La kwanza, habari ya mtu inapoletwa sebuleni, mzazi aulize kwa upole: "Huyu tunayemcheka, angekuwa amekaa hapa nasi, tungeendelea?" Swali hili lisiulizwe kwa watoto tu. Liulizwe pia kwa akina mama wanaosuka ukindu na kwa akina baba barazani, kwani mtoto huiga alichokisikia kwetu.

La pili, wazazi wawe wasimuliaji, na waanze na yao yasiyo aibu ya mtu mwingine. Baba arudiye machimboni asimulie siku alipouziwa jiwe la kung'aa akidhani ni dhahabu, akalibeba kwa fahari hadi kwa mnunuzi. Mama asimulie pilau lake la kwanza mbele ya wakwe, lilivyoungua chini na kuwa bichi juu. Mtoto anayemsikia mzazi akijicheka hujifunza kuwa kukosea hakumwondolei mtu heshima, na siku akiteleza yeye atajua pa kwenda kusema kabla mtaa haujasema.

Na kwa vijana wetu wenye kipaji cha kalamu: hamna haja ya kuisubiri Dar es Salaam iwape habari. Stendi ya Kahama alfajiri, mnada wa ng'ombe, baiskeli iliyobeba mkaa kupita kiasi, harusi inayosubiri bwana harusi aliyekwama njiani kwa matope, yote hayo ni safu ambayo haijaandikwa. Iandikeni, na katika kila kisa mjipe ninyi nafasi ya mwenye kosa.

Allah atuhifadhie ndimi zetu, na vidole vyetu pia. Amin.